Mama Alilalamika Vizuri Sana

Ukikusanya programu za mazishi kutoka Isebania hadi Mbita, zile za karatasi inayong'aa zenye picha ya marehemu ndani ya duara la maua, utakuta sentensi moja ikijirudia kama kiitikio. Marehemu akiwa mwanamume, ataandikiwa kwamba alipenda mpira, alikuwa mkali kwa watoto, alijenga nyumba ya matofali, alibishana na chifu. Akiwa mwanamke aliyezaa, basi alijitolea kwa familia na jamii bila kuchoka, na hakuwahi kulalamika. Nimezisoma nyingi kwa sababu kuziandika ni moja ya kazi zinazonilipia nyumba hapa Nairobi. Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo nimeandika matangazo ya magodoro, sifa za hoteli ambazo sijawahi kulala, na wasifu wa marehemu. Wasifu wa marehemu ndio unaolipa haraka, maana mazishi hayangoji.

Wa mama yangu sikuandika mimi. Uliandikwa na kamati, na ile sentensi ilikuwemo.

Sasa, mama yangu alilalamika. Tena alilalamika vizuri sana. Neno nililolisikia zaidi kinywani mwake ni "aol", nimechoka, na alikuwa na namna tatu za kulitamka. Kuna aol ya kuvua viatu mlangoni, hiyo ilimaanisha leta maji. Kuna aol ya jioni akihesabu pesa za karanga alizouza kwa gorogoro, na hiyo ulinyamaza tu. Halafu kuna ile aliyoisema akimtazama baba usoni, polepole, na baba alitafuta kofia yake akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri senta. Alimlalamikia mchungaji kuhusu urefu wa mahubiri. Aliwalalamikia maafisa wa afya kwa maandishi, ana nakala. Jumapili baada ya saa nane alifunga mlango wa jikoni, akajipima presha, akaandika namba kwenye daftari lake, akalala na redio ikiwa imewashwa. Ulikuja na mtoto mwenye homa kali, aliamka. Ulikuja kuomba chumvi, ulirudi bila chumvi.

Alikuwa nyar Karachuonyo, binti wa upande wa Homa Bay, aliyeolewa Migori, kilomita chache kutoka Rongo. Na alikuwa nyamrerwa. Zamani neno hilo lilimaanisha mkunga wa kijijini, mwanamke mwenye dawa za mitishamba anayejua mtoto amelala vipi tumboni. Serikali ilipoanza mpango wa afya ya jamii mwaka 2006, na kila mhudumu akapewa nyumba za kutembelea, watu wetu waliwaangalia hao wanawake wanaopita na madaftari wakawaita kwa jina walilokuwa nalo tayari. Jina lilikuja na mzigo wake: nyamrerwa wa zamani alipewa kuku au gunia la mahindi, huyu wa sasa akaitwa mtu wa kujitolea.

Na kazi haikuwa ya kubeba daftari tu. Mwaka 2001, pale hospitali ya Homa Bay, shirika la Médecins Sans Frontières lilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo, vijiji vyetu vilikuwa vinazika kila wiki. Hata mwaka 2014 makadirio ya taifa yalionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika kaunti hiyo alikuwa na virusi. Dawa zilikuwepo hospitalini, lakini kati ya hospitali na mgonjwa kulikuwa na matope, aibu, mume asiyetaka kusikia, na nauli ya boda. Hizo ndizo mama alizozivuka kwa miguu. Alijua nani anaficha dawa kwenye unga. Alijua nyumba ambayo lazima upige hodi ukiuliza habari za kuku kwanza. Kwa miaka mingi hakupata mshahara. Ni Septemba 2023 ndipo Rais Ruto alipozindua wahudumu 100,000 nchi nzima, wakapewa mkoba, koti, mashine ya presha, kipima sukari, mizani na simu, pamoja na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Mama aliandika kwa kidole kimoja kwenye ile simu, akiitukana kwa Kijaluo. Tarehe ambazo pesa zilichelewa aliziandika kwa kalamu nyekundu.

Ndiyo maana sentensi ya kamati ilinikwama kooni. Swali lenyewe ni rahisi kuuliza: kuna ubaya gani kumdanganyia marehemu wema? Mtu amekufa, wanawe wanalia chini ya turubai, maneno matamu hayapunguzi ugali wa mtu. Hata sheria haimlindi marehemu asisifiwe kupita kiasi. Na kusema kweli matanga si mahali pa kusoma ukaguzi wa hesabu. Kila mmoja pale anajua kwamba MC anatia chumvi.

Mimi nasema sifa hii ina bili, ila haipelekwi kwa marehemu.

Wiki moja baada ya kuzika, wazee walikaa. Dani, mama yake baba, ana zaidi ya miaka themanini na haoni vizuri. Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha. Tuko watoto wanne, wavulana watatu na mimi wa pili. Kaka mkubwa anafanya kazi Kisumu, wa tatu anaendesha boda pale pale Rongo, wa mwisho yuko Kidato cha Tatu. Mzee mmoja akasimama na kunukuu ile programu, neno kwa neno. Mama yenu hakuchoka, hakulalamika. Kisha akanigeukia: damu hiyo hiyo imo ndani yako, na kwa vile chuo uliacha na kazi yako ni ya simu tu, simu inafika hata hapa.

Angalia hoja hiyo ilivyosafiri. Ilianza kama sifa ya mtu mmoja aliyekufa, ikawa maelezo ya jinsi wanawake wa nyumba hii walivyo, ikaishia kuwa zamu yangu. Kama mama hakuchoka, basi kazi yenyewe haichoshi. Kama hakulalamika, basi hakukuwa na la kulalamikia. Mtu wa pili akija akisema nimechoka, tatizo liko kwake. Kwa hiyo uongo ule mtamu haukuwa pambo la karatasi, ulikuwa barua ya kuajiri isiyo na mshahara.

Mwanafalsafa Mmarekani Susan Wolf aliandika mwaka 1982 kuhusu watakatifu wa maadili, wale ambao kila dakika yao ni ya wengine, na akasema kwamba yeye hatamani kuwa hivyo wala hatamani wapendwa wake wawe hivyo. Maisha kama hayo hayana nafasi ya muziki, ya mapishi kwa raha tu, ya utani mkali. Nilipomsoma mara ya kwanza niliona ni mambo ya watu wenye shibe. Lakini ukitazama vizuri, sisi ndio tunaomgeuza mwanamke wa kawaida kuwa mtakatifu wa aina hiyo, tena akiwa hawezi kukataa, na tunafuta Jumapili zake alasiri ili picha itoke safi. Mama alizipenda zile Jumapili. Kwa maoni yangu ndizo zinazoonyesha alikuwa mwema kwa kuamua. Mtu anayeweza kufunga mlango ndiye anayeweza kuufungua. Asiye na komeo hata usimwite mkarimu.

Kuna watu wangu wa karibu, hasa wasichana tuliokuwa nao chuoni, wanaofika mwisho wa hoja hii haraka kuliko mimi. Wanasema mama alinyonywa, basi. Siendi nao hadi huko. Ukisema alinyonywa tu, umemnyang'anya kazi yake mara ya pili, maana umesema hakuwa na akili ndani yake. Alikuwa na fahari. Akipita sokoni kijana mrefu wa miaka kumi na tano aliyezaliwa bila virusi na mama mwenye virusi, mama alinibana mkono, akasema "huyo ni wangu," na hakuwa akitania. Alinyimwa malipo, na alipenda kazi. Yote mawili ni kweli na hakuna linalofuta lingine.

Waya, shangazi yangu, ndiye aliyenipinga kwa nguvu zaidi. "Nyathina, sasa unataka kupima mapenzi kwa gorogoro?" Ni swali zito, sikulijibu siku hiyo. Upendo ukianza kuhesabiwa, kweli kuna kitu kinaharibika. Lakini ona kwamba kuhesabu kuko tayari, swali ni nani anahesabu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango wa mwanandoa. Mwaka 2021, Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru alisema wazi kwamba kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi kamili ambayo familia nyingine hulipia watu. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi tu, kila mmoja athibitishe mchango wake. Athibitishe kwa nini, kama kila jioni ameambiwa mwanamke mwema hasemi? Malalamiko ya mama yalikuwa risiti. Sisi tumezichoma, halafu tunashangaa hesabu haionyeshi kitu.

Mwaka jana, Julai 2025, Mama Phoebe Asiyo alipofariki, nilisoma tanzia zake zote nilizopata. Alikuwa mbunge wa Karachuonyo, kwao mama, na mama alilitaja jina lake kama mtu anayetaja jamaa. Kilichonigusa ni vitenzi. Asiyo aliwasilisha, alidai, alipinga. Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuongeza nafasi za wanawake, ikaangushwa, na kila mwandishi aliikumbuka hiyo hoja iliyoangushwa kwa heshima. Naye alikuwa mama wa watu. Kumbe inawezekana kumzika mwanamke ukataja alichokitaka, hata kile alichokosa. Mama yangu alitaka koti la mvua kabla ya mwaka wa tisa wa kutembea kwenye mvua. Alitaka kuona Mombasa. Alitaka Sunday ya watu wasimwite. Hakuna lililoandikwa.

Kuhusu dani: tulikubaliana, baada ya vikao viwili vibaya sana, kwamba kaka wa Kisumu atalipa mama mmoja jirani anayejua kumhudumia, wa boda atamwogesha dani jioni huyo jirani akishaondoka, nami nitatuma hela ya dawa na kwenda kila mwezi. Mzee wa programu alisema mwanamume kumwogesha bibi yake ni aibu. Dani akasema maji yawe moto tu.

Na ilibidi kijiji kipate nyamrerwa mpya. Walifanya baraza chini ya mwembe, wakapendekeza mwanamke mmoja wa makamo, mchapakazi, mcha Mungu, sifa zote. Akasimama, akafunga leso vizuri kiunoni, akauliza pesa huingia tarehe ngapi, na zisipoingia anamwona nani. Wazee wawili waliguna. Waya alipiga makofi.