Jina la Mbuni wa Oldupai

Spishi mpya ya ndege au kipepeo hupokea vitu viwili kwa mpigo mmoja: maelezo na jina. Maelezo husema mnyama alivyo, na yanaweza kukosewa. Jina humtambulisha tu. Hata hivyo, swali la kale la dini na falsafa limesimama juu ya jina: anayelitaja anatambua kilichokuwapo, au anakitia chini ya mamlaka yake?

Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu analetewa wanyama na ndege, na majina anayowapa yanabaki kuwa yao. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, Adamu anafundishwa majina na Mola wake, kisha anayataja mbele ya malaika wasioyajua. Katika Mwanzo jina ni uamuzi wa binadamu. Katika Kurani ni elimu aliyoipokea.

Olbalbal, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, ni bonde ambamo maji ya korongo la Oldupai huishia. Mbuni hula katika mbuga za hapo. Dume ana manyoya meusi, na shingo na mapaja yake yana rangi ya waridi inayokolea wakati wa kupandana. Wamaasai humwita esidai. Mwaka 1898 Mjerumani Oscar Neumann alimwita massaicus, akitumia jina la watu waliokuwa wakiishi naye tangu zamani.

Mbuni wa pili wa eneo hilo alikwisha kutoweka. Jina lake linatokana na Oldupai, jina la Kimaasai la mkonge pori unaoota korongoni, wenye majani manene yaliyochongoka ncha kama mkuki. Mwaka 1911 alifika daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifukuzia vipepeo. Neno la wenyeji likaingia vitabuni limepotoka: Oldoway, Oldaway, Olduvai. Mwaka 1933 Percy Lowe alieleza mabaki ya nyonga ya mbuni mkubwa wa kale kutoka humo, akamwita Struthio oldawayi.

Kosa hilo halisahihishwi. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne linatumika tangu 1 Januari 2000, hulinda tahajia ya kwanza. Kukosea kunukuu neno la lugha nyingine hakuhesabiwi kuwa sababu ya kuibadili. Anayesoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza huiona ya kikatili, lakini ina mantiki. Jina la kisayansi halifungwi kwenye maana yake. Limefungwa kwenye kielelezo, yaani mwili mmoja au kipande chake kilichohifadhiwa, na wataalamu wakibishana, hurejea kwenye mwili huo. Mfupa wa nyonga unabaki ule ule, liandikwe neno vyovyote.

Ndiyo maana kutaja jina bila mwili kulizua mjadala mkubwa. Mwaka 1991 ndege mmoja wa Somalia alielezwa kwa damu, manyoya na picha, mwenyewe akiwa amekwisha kuachiliwa. Aliitwa Laniarius liberatus, yaani aliyepewa uhuru. Waliomwachia waliona kwamba uhai wa ndege anayedhaniwa kuwa adimu kiasi hicho una uzito kuliko ngozi kabatini, na hoja yao inastahili heshima. Mwaka 2008 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ni rangi tofauti tu ya ndege aliyekwisha kujulikana. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya spishi; ndege alibaki kuwa alivyokuwa.

Kwa hiyo kazi ya wataalamu iko karibu zaidi na Adamu anayefundishwa: kiumbe ndiye kipimo, na mtajaji anaweza kukosea. Mamlaka hubaki mahali pamoja, katika swali la jina la nani linahesabiwa. Kwa wanyama, hesabu inaanzia 1 Januari 1758, tarehe iliyopewa kitabu cha Linnaeus, mwanzilishi wa mfumo huu wa majina, na jina lililotangulia kuchapishwa ndilo hushinda. Esidai, neno lililopokezanwa midomoni mwa wachungaji, haliingii katika mashindano hayo. Huo ni upungufu wa haki kwa waliomjua ndege kwanza. Kanuni zimeacha nafasi ndogo ya kuupunguza: zinamshauri mwandishi aeleze asili ya kila jina jipya analounda. Katika sentensi hiyo moja neno la mwenyeji linaweza kuandikwa kama linavyotamkwa, pamoja na lugha lilikotoka na maana yake.