Urithi wa Simba

Tangu mwaka 1999 tamthilia ya nyimbo iitwayo The Lion King imefanya maskani katika ukumbi wa Lyceum, London. Ukumbi huo ni wa kale. Nguzo za uso wake ni za mwaka 1834, na humo Henry Irving alifungua uongozi wake mwaka 1878 kwa kuigiza Hamlet, kisa cha mwana wa mfalme ambaye baba yake aliuawa na ami yake. Kisa cha simba hakiko mbali na hicho.

Mswahili aketiye hapo hupata furaha ya peke yake. Simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, fisi anaitwa Shenzi. Jirani zake husikia majina. Yeye husikia maneno. Na asikiaye maneno hana budi kuyauliza yanasema nini.

Basi na tuseme mtazamaji huyo ametoka Kingolwira, pale penye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kwa mila ya Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama: mwanamume humrithisha mpwa wake, mtoto wa dada yake, wala si mwanawe wa kumzaa. (Mafungu ya mirathi ya Kiislamu, wanayoyajua vyema watu wa visiwani, ni kanuni nyingine tena.) Tamthilia ikipimwa kwa mizani hiyo, mambo yanageuka. Simba ni mtoto wa ukoo wa mama yake. Kiti cha Mufasa si chake. Scar, ikiwa ni ndugu wa tumbo moja, yuko karibu nacho zaidi. Hatia ya kuua inabaki pale pale, kwani damu haioshwi na nasaba. Lakini Scar akitawala nchi inakauka, Simba akirudi inachanua. Ukumbi haushangilii tu adhabu ya muuaji. Unashangilia pia kanuni ya baba na mwana, iliyovishwa vazi la mvua na majani.

Je, mtu wa Kingolwira akitokwa na machozi hapo, amekwisha kukiri? Wako watakaosema kwamba sanaa si baraza la kadhi, na mgeni mwema hahoji chakula cha mwenyeji. Jibu hilo ni jepesi mno kwa watu waliolelewa na tenzi, wajuao kwamba jambo likiimbwa huingia moyoni bila ya hodi. Kulia si kosa. Kosa, kama lipo, ni kutoka ukumbini ukidhani kwamba mwenye haki ya kiti ndiye mwema, na kwamba mbingu nazo zimeshuhudia.

Morogoro ina ushahidi wake. Katika karne ya 19 mji huo uliitwa Simbamwene, na mwene, katika lugha nyingi za bara, ni mtawala. Mfalme simba alikuwapo huko kabla ya senema yoyote. Aliyeujenga ni Kisabengo, akauzungushia ukuta wa mawe. Alipokufa hakurithiwa na mpwa wala na mwana wa kiume. Alirithiwa na binti yake, naye akaitwa Simbamwene. Katika tamthilia ya London simba jike huwinda, huomboleza na kungoja, huyu alitawala.

Wala hakuwa malaika. Stanley alipopita mwaka 1871 alitoza hongo, na baadaye watu wa msafara huo waliorudi kumtafuta mpishi aliyepotea wakakamatwa, wakanyang'anywa bunduki na kutiwa minyororo. Habari hizi zimetufikia kwa kalamu ya Stanley mwenyewe, ambaye hakuwa shahidi asiye na upande. Mtunzi atakayekiimba kisa hiki itambidi awaweke jukwaani binti mwenye kiti na wafungwa wake pamoja, kisha aamue mvua inyeshe lini. Mwaka 1872 ilinyesha. Mafuriko yakaubomoa ukuta wa Simbamwene na kuchukua nyumba na watu.