Nani Anaiogopa Mizani?

Taja Siku ya Hukumu mbele ya vijana wa leo uone. Wengine watakunja uso, wengine watacheka. Tumekuzwa na picha za moto, baragumu na vitabu vinavyofunguliwa, na mara nyingi zimetumika kututisha tu: eti usipotulia utaungua! Je, ndani ya vitisho hivyo limo tumaini lolote?

Mimi nasema limo. Ila kwanza tujiulize, ni nani hasa anayeiogopa mizani?

Chukua huku kwetu Mbangala, mkoani Songwe. Wilaya yetu imo katika eneo la dhahabu la Lupa, linalochimbwa tangu miaka ya 1920. Mchimbaji mdogo anaingia duarani, anapandisha mawe, anayapeleka kwenye karasha, anaosha, ananasa kwa zebaki, anachoma. Baada ya jasho lote hilo kinabaki kipande kidogo kiganjani. Hapo sasa maisha yake yako juu ya mizani ya mnunuzi. Mizani ikidanganya, kazi ya mwezi mzima imeliwa kwa dakika moja. Masoko ya madini yalipoanzishwa nchini mwaka 2019, nia mojawapo ilikuwa dhahabu ipimwe na kuuzwa mahali pa wazi.

Mtu aliyepunjwa hamkimbii hakimu. Anamsubiri! Zaburi ya 96 inalijua hilo: Mungu anapokuja kuihukumu dunia, mashamba yanashangilia na miti ya msituni inaimba. Naye Amosi, mchungaji wa Tekoa, anawataja wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuchezea mizani, kisha anasema Mungu ameapa hatayasahau matendo yao. Kwa mnyonge ambaye kesi yake haina faili popote, kiapo hicho ni habari njema.

Utaniambia, “Bwana wee, hiyo si dawa ya usingizi? Maskini avumilie, atalipwa mbinguni?” Swali zuri. Lakini Amosi mwenyewe hakukaa kusubiri. Alisema hadharani kule Betheli, mpaka kuhani Amazia akamtaka akimbilie Yuda. Anayeamini kwamba dhuluma ina mwisho ndiye mwenye sababu ya kufungua mdomo leo.

Ila tusishangilie haraka. Amosi huyo huyo anawaonya wanaoitamani siku ya Bwana kwamba kwao itakuwa giza. Maana kila mmoja wetu ana mizani yake: mshahara anaomlipa msichana wa kazi, chenji anayorudisha, sifa anayomnyima mwenzake.

Basi sisi tuliochanganyika na mchanga tukimbilie wapi? Malaki, sura ya tatu, anamwona Mungu akikaa kama mtu asafishaye dhahabu na fedha kwa moto. Wachimbaji wa huku hawahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Anayechoma haichukii dhahabu. Anachoma kwa sababu anajua imo.