Taa Hii Ni ya Nani?

Sisi wa Mokowe tukivuka kwenda Lamu hurudi na tamaa. Katika nyumba za mawe za kule taa ya shaba inapendeza, kwa kuwa kuta zimepakwa chokaa nyeupe inayorudisha mwanga, na chumba ni chembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko.

Mimi nilinunua taa kama hiyo bila kumwuliza mama watoto, nikaitundika chini ya mabati yetu. Ilinigonga kichwa kila jioni, na mwanga wake haukufika kwenye cherehani. Mwenzangu hakusema neno. Alihamia jikoni kushonea huko.

Je, nilikosa? Fedha ilikuwa ya jasho langu, na mume ni kichwa. Lakini Mtakatifu Paulo, katika Waefeso 5, anamwagiza mume huyohuyo ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Mimi nilipamba kwa ajili ya macho ya wageni, nikamwacha wa nyumbani gizani. Nalihesabu hilo kuwa kosa, si uzembe tu.

Kabla ya kununua, ketini wawili sebuleni saa moja jioni. Nani hukaa wapi, na hufanya nini? Sisi tuliiuza ile taa, tukatundika balbu juu ya cherehani.