Ruhusa Si Riziki

Wanangu, kila serikali zetu zinapotia saini mkataba wa anga huria, nawaona mnavyoshangilia. Picha za ndege ya taifa huzagaa kwenye simu, na kila mmoja wenu huanza kupanga miji ya Marekani atakakotua mwakani twiga wetu, nembo ya shirika letu la ndege. Sina nia ya kuwaharibia furaha. Nawaomba tu mnisikilize kwa utulivu, ingawa haya nimekwisha kuyasema mara nyingi na kinywa kimechoka. Leseni ya kuvua haijazi dau samaki.

Nitawapeleka Ayalandi, kisiwa cha watu wachache pembezoni mwa Ulaya. Shirika lao la taifa, Aer Lingus, lilianza mwaka 1936, na tarehe 28 Aprili 1958 likavuka Atlantiki kwa mara ya kwanza kwenda New York, kwa ndege za kukodi. Kwa miaka mingi safari hizo zilifungwa kwa masharti. Serikali iliamuru kila ndege ya Atlantiki itue Shannon, magharibi mwa nchi, hata kama abiria wote walikuwa wa Dublin. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1993 bila kuondolewa. Upande wa Marekani nako miji iliyoruhusiwa ilikuwa michache. Kwa hiyo kila aliyeulizwa kwa nini shirika halikui alijibu kwamba masharti yanalibana. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu hawakuuliza zaidi.

Kisha masharti yakaanguka. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mikataba ambayo nchi moja moja za Ulaya ziliingia na Marekani ilivunja sheria za Umoja wa Ulaya kwa kupendelea mashirika ya nchi husika. Mkataba mpya kati ya Umoja huo na Marekani ulisainiwa Washington tarehe 30 Aprili 2007 na ukaanza kutumika tarehe 30 Machi 2008. Tangu siku hiyo shirika lolote la Umoja wa Ulaya lingeweza kuruka kutoka mji wowote wa Umoja kwenda mji wowote wa Marekani. Hata Heathrow, uwanja mkubwa wa London, ambako kwa miaka mingi safari za Marekani ziliachiwa mashirika mawili ya Uingereza na mawili ya Marekani, palifunguliwa kwa wote.

Lakini mkataba husomwa mpaka ukurasa wa mwisho. Ndege ya Ulaya haikuruhusiwa kubeba abiria wa ndani ya Marekani, tuseme kutoka Boston hadi Chicago. Tena mgeni hakuruhusiwa kushika zaidi ya asilimia 25 ya kura katika shirika la Kimarekani, wakati Ulaya ilikubali kufikia asilimia 49. Basi mkisikia anga limekuwa huria, ulizeni ni huria kwa nani na kwa kiasi gani.

Sasa tazameni shirika lenyewe lilivyoupokea uhuru huo. Mwaka 2006 serikali ya Ayalandi iliuza sehemu kubwa ya hisa zake sokoni. Siku chache tu baadaye mshindani wa hapo hapo nyumbani, Ryanair, alijitokeza kutaka kulinunua zima, na Tume ya Ulaya ikamzuia mwaka 2007. Mwaka huo huo Aer Lingus ilifungua safari za Orlando, San Francisco na Washington na kuagiza ndege 12 za masafa marefu kutoka Airbus. Vigelegele vilikuwa vingi. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi likapita dola 147, na Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka. Safari ya Los Angeles ilifungwa mwaka ule, zikafuata San Francisco na Washington. Mwaka 2009 hasara ya uendeshaji ilifika yuro milioni 81. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya hasara. Agosti 2007 shirika lilitangaza kuiacha safari ya Shannon hadi Heathrow na kuzihamishia Belfast nafasi zake za kutua na kuruka. Heathrow imejaa, na nafasi hizo ni mali ya thamani kubwa. Kwa watu wa magharibi, wenye viwanda na hoteli zinazotegemea wageni, Heathrow ilikuwa ndiyo njia ya kuifikia dunia. Walilia kwa serikali yao, ambayo bado ilikuwa na karibu robo ya hisa, nayo haikuzuia. Safari ilirudishwa mwaka 2009, lakini somo lilikwisha kutolewa: shirika linaweza kukua na sehemu ya taifa ikaachwa kando.

Kilichoiinua Aer Lingus baadaye hakikuwa na shamrashamra. Aliyekuja kuliongoza mwaka 2009, Christoph Mueller, alianza na gharama, na wafanyakazi waliumia. Kisha Dublin ikatazamwa upya. Mji huo uko njiani kwa mtu anayetoka Manchester au Edinburgh kwenda Marekani, na maofisa wa Marekani hukagua abiria hapo hapo Dublin, hata msafiri akifika New York hutoka uwanjani kama aliyetoka mji jirani wa Marekani. Shirika likajenga biashara yake juu ya abiria wa kuunganisha safari. San Francisco ilirudi mwaka 2014, na kuanzia 2019 zikaja ndege nyembamba zenye viti visivyofika 200, zinazoweza kujaa hata kwenye miji isiyo na abiria wengi. Ruhusa ya mwaka 2008 ilizaa matunda baada ya hesabu kupangwa. Kufikia hapo mwenye shirika alikuwa mwingine: mwaka 2015 liliuzwa kwa kampuni ya IAG, mmiliki wa British Airways, na serikali ikauza hisa zake zilizobaki kwa ahadi kwamba nafasi za Heathrow zingeendelea kuhudumia Ayalandi kwa miaka 7.

Rudini nyumbani sasa. Tanzania ilisaini mkataba wa anga huria na Marekani tangu 1999. Hesabuni wenyewe ni ndege ngapi za Tanzania zimetua New York tangu hapo. Mwaka 2009 Delta ilikuwa tayari kuanza safari ya Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, tiketi zimeuzwa, na vyombo vya usalama vya Marekani vikaizuia dakika za mwisho. Kenya Airways ilisubiri hadi mamlaka ya anga ya Marekani ilipouridhia usimamizi wa usalama wa Kenya mwaka 2017, ndipo ndege yake ya kwanza ikaondoka Nairobi kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018. Nasi Desemba 2024 tuliona Air Tanzania ikiingizwa kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka anga la Umoja wa Ulaya kwa sababu za usalama. Mkataba wa Marekani ungali kabatini.

Kwa hiyo, wanangu, siku mkataba mwingine ukitangazwa, pigeni makofi kidogo kisha ulizeni. Wakaguzi wetu wa usafiri wa anga wanatosha, na wana uhuru wa kuizuia ndege ya serikali isiruke? Ndege inayonunuliwa inalingana na abiria tulionao, au na sifa tunazozitaka? Mafuta yakipanda maradufu, kuna akiba ya miezi mingapi? Wa Kigoma na wa Mtwara wamewekwa wapi katika mipango hiyo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waulizeni hayo wabunge wenu kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, wala msichoke kuuliza, maana fedha zinazolipia ndege hizo ni kodi zenu.