Kutazama milima ni ibada?

KWA miaka minane nimesomesha Surat Al-Ghashiya, na kila nikifika pale tunapoulizwa kama hatutazami ngamia, mbingu, milima na ardhi, huwaambia wanafunzi kuwa kutafakari maumbile ni ibada. Mimi mwenyewe mlima niliokuwa nimeuona ni Kilimanjaro tu, tena kwa dirisha la basi.

Mwaka jana nilikuwa Maskati kwa mjomba. Tukaondoka alfajiri, tukapita Nizwa na Al Hamra, tukapanda Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, kiasi cha mita 3,000. Kileleni ni eneo la jeshi. Wageni huishia ukingoni mwa bonde, kwenye mita 2,000 hivi. Pale ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa, karibu mita 1,000, njia ya maji iliyokauka inaonekana kama uzi. Ni mawe matupu, na mbuzi wanaotafuna vichaka vya miba. Nilisema Subhanallah mara nyingi, na machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Tulifuatana na mzee mmoja, jirani yake mjomba, aliyezaliwa kijiji kimoja cha milima hiyo (Kiswahili alikipata kwa mkewe, Mzanzibari). Nikamwambia: "Mzee wangu, mliwezaje kuuacha utulivu huu mkaenda kubanana mjini? Hapa mja yuko na Mola wake tu."

Akanitazama. "Mama yangu alifia njiani, njia kama ile," akanionyesha mstari mwembamba ubavuni mwa jabali. "Uzazi ulimshinda, wakawa wanamshusha kwa kitanda. Wewe umepanda kwa gari lenye kiyoyozi, mwanangu."

Nina shahada, lakini jibu sikuwa nalo.

Wapo watakaosema dhiki ya mtu haiondoi ishara ya Allah (s.w.t.). Ni kweli, nami sikatai. Kosa langu halikuwa kuutazama mlima. Niliwahukumu walioushuka, nikayafanya maisha yao pambo la ibada yangu. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Aliyeshuka kufuata shule na daktari kaikimbilia dunia? La hasha! Na huku kwetu Dar tunafanya yaleyale: tunamsifu bibi wa kijijini kwa subira, kisha tunarudi mjini kwenye bomba la maji.

Tena, aya zile hazikuanza na milima. Zimeanza na ngamia, mnyama anayembebea mtu maji na mizigo. Sisemi hiyo ndiyo tafsiri, ni fikra yangu tu, lakini tangu siku ile siwezi kuisomesha sura hiyo nikamruka ngamia.

Nilimwomba mzee radhi. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, yeye akiwa imamu. Alipomaliza alisogea ukingoni, akautazama mlima kwa muda mrefu kuliko mimi.