Mkondo na Maana Zake Mbili

Yapasa kujulikana kwamba neno mkondo lina maana ya asili na maana ya mfano. Kwa asili, mkondo ni maji yaendayo upande mmoja kwa nguvu, kama yale ya mtoni, au ya mlango wa bahari wakati wa kujaa na kupwa. Kwa mfano, ni mwenendo wa jambo: husemwa sheria imeshika mkondo wake, au mawazo ya watu yamegeuka mkondo.

Ama mikondo ikinzanayo, bahari yetu inayo. Mkondo wa pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huungana na mkondo wa Somalia, ikaenda njia moja. Lakini ivumapo kaskazi, tangu Desemba hata Machi, mkondo wa Somalia hugeuka ukateremka kusini, na miwili hiyo hukutana mbele ya pwani ya Kenya. Hapo hakuna ushindao: yote hupinda mashariki, ikatoka bahari kuu. Chombo kisicho tanga wala usukani huchukuliwa kusikoonekana nchi.

Moyo wa mwanadamu nao una mahali kama hapo. Atazamwe wasii aliyewekewa mali ya yatima. Si fukara, ila biashara yake imelegea. Huku amana yamzuia, huku haja yamsukuma, na rafiki zake wamwambia, “Twaa, utarudisha; maji hufuata mkondo.” Yeye haazimii kuiba, wala haazimii kulinda. Leo achelewesha hesabu, kesho atwaa kidogo. Yatima abalighipo na kudai chake, sanduku ni tupu. Wala hakuna siku hata moja ambayo wasii aweza kusema kwamba ndiyo aliyokusudia dhuluma.

Je, ana lawama? Wako wasemao hana, kwani haja ina nguvu kama bahari. Hoja hii yachanganya maana mbili za neno. Methali yasema maji hufuata mkondo. Haikusema nahodha hufuata mkondo. Maji hayana akili wala usukani, na nahodha anavyo vyote viwili. Halaumiwi kwa kuwapo mkondo, wala hakuamriwa kuusimamisha. Alaumiwa kwa kuuachia chombo. Nahodha mjuzi hutia nanga akangoja maji yageuke. Wasii naye na aandike hesabu mbele ya mashahidi, auze chake kabla ya kugusa cha yatima, na akijiona hawezi, amwombe kadhi amtue mzigo. Haja haitaondoka, lakini itakosa njia.

Wala kuvutwa huku na huku si aibu. Moyo usiosikia mvuto wowote, yamkini umekwisha chukuliwa zamani. Aibu ni kuiachia mikondo ikate shauri ambalo mwenyewe ataulizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.